Kilo Kumi na Nne

Jana nilibandika nembo mia tatu na sita:
jani la kijani ndani ya duara,
chini yake namba ndefu kama ya kesi ya ardhi.
Leo shangazi kapanda toka Ngamiani,
kaokota pakiti moja ya pilipili manga,
kaishika mbali na uso, kama mtu anayesoma hati ya deni.
"Kilimo hai," akasoma. "Hai nini?
Mbona zimekufa zote, zimekauka?"

Nilicheka. Kisha nikakosa la kusema.

Sikuahidi utamu, shangazi.
Ulimi hauna cheti.
Wala haishushi presha, ingawa yupo bwana mmoja
Barabara ya Kumi na Mbili anayeapa hivyo,
na bei yake hupanda kwa kila kiapo.
Na wadudu wameipitia, tazama:
punje hii ina tundu.
Tundu ni shahidi mzuri kuliko mimi.

Nembo ina sauti ya karani. Inasema machache:
kwamba miaka mitatu shamba halikuonja dawa ya kiwandani,
mbolea ilitoka zizini,
gunia hili halikulala chumba kimoja na lile,
na kuna mtu alibisha hodi bila miadi,
akachungulia hadi uvunguni mwa kitanda,
akakuta bomba la kupulizia limefungwa na buibui.
Basi.
Mengine ni maneno ya dukani.

"Na kama wamemdanganya?"

Hapo nikamtaja Bi Mwanjaa Singano, wa Misalai.

Mwezi wa tano viwavi waliingia mahindi ya Mhando, jirani yake.
Mhando ana watoto sita na hana nembo.
Alipulizia. Ungekuwa wewe?
Asubuhi ile upepo ulishuka kutoka Amani
ukavuka mpaka bila kusaini fomu.
Ukanda wa mabingobingo ulizuia ulichoweza,
kilichobaki kikatua.

Hakuna aliyeona.
Mkaguzi wa nje alikuwa bado miezi minne kufika.
Mimi ningepita na daftari langu,
ningeona kijani juu ya kijani,
ningeandika: *safi*.
Karatasi haijui kunusa;
inajua yale tu yaliyosemwa mbele yake.

Bi Mwanjaa alitembea saa mbili,
pindo la kanga limelowa tope,
hakutaka kiti.
"Andika. Mashina ishirini na moja, upande wa Mhando."
Nikamwambia, mama, hizo zitakosa bei.
"Nimekuuliza bei?"

Nikaandika. Mkono wangu ulikuwa mzito, sikufichi,
maana kikundi kizima kilikuwa kimebakiza gunia moja
kutimiza oda.
Zikachumwa peke yake,
zikaanikwa kwenye mkeka wa kuazima,
kilo kumi na nne,
zikauzwa Muheza sokoni kwa bei ya kila mtu.
Pengo la bei lilikuwa bati tatu.
Jiko lake linavuja mpaka leo; nimeona sufuria
ilivyotegwa chini ya tone.

Shangazi akaigeuza pakiti.
"Jina lake liko wapi?"
Halipo. Ipo namba. Hizi tarakimu nne za mwisho, sifuri nne moja saba,
ndiye yeye.
Akapitisha kidole juu yake, taratibu,
kama anayetafuta kovu.

Kisha akauliza zile kilo kumi na nne kama zimebaki.
Anazitaka zile.

Shangazi, hizo ndizo zilizopuliziwa!
"Najua. Nimesikia. Nazitaka."

Zilishaliwa, nikamwambia, Muheza huko,
kwenye pilau za watu wasiojua lolote.

Akakaa kimya kidogo.
Akachukua hii yenye jani,
akaomba nimpunguzie, mimi damu yake.
Sikumpunguzia.